Platinamu, asidi ya majimoto na mpaka usioonekana

Ukipita chini ya mkorosho wenye majimoto wakakudondokea shingoni, kinachokuwasha pale wanapouma ni asidi fomiki wanayokurushia. Wakulima wengi wa pwani wanawavumilia hivyo hivyo, kwa sababu huwakamata wadudu wafyonzaji wanaoharibu nazi changa na korosho. Mimi asidi hiyo naipata kwenye chupa ya kahawia kabatini, na kazi yangu nayo ni kuiangalia ikifa juu ya platinamu.

Nasema kuiangalia, na hapo ndipo penye shida.

Asidi fomiki ina atomi 5 tu: kaboni 1, oksijeni 2, haidrojeni 2. Ikikutana na platinamu ndani ya maji na umeme kidogo ukawekwa, hugeuka kaboni dioksidi na kuacha protoni 2 na elektroni 2. Elektroni hizo ndizo umeme wenyewe, ndiyo maana kuna watu wamejaribu kutengeneza seli za fueli zinazokula asidi hii. Kwa molekuli ndogo namna hiyo ungedhani siri zake zilikwisha zamani. Mwaka 1973 Capon na Parsons walipendekeza kwamba hupita njia mbili kwa wakati mmoja. Moja inakwenda moja kwa moja. Nyingine inazunguka kupitia kaboni monoksidi, ambayo hung'ang'ania platinamu mpaka kichocheo, yaani hiyo platinamu inayoharakisha mmenyuko bila yenyewe kuisha, kinaziba na kushindwa kufanya kazi. Njia ya kuzunguka haikuleta kelele nyingi, maana kaboni monoksidi inaonekana waziwazi kwenye vipimo. Ni hiyo ya moja kwa moja iliyowagombanisha watu: nani hasa anakuwa amekaa juu ya platinamu muda mfupi kabla kaboni dioksidi haijatoka?

Swali kama hilo, lingekuwa la gesi juu ya metali kavu, lina vifaa vyake tangu zamani. Gerhard Ertl alipata Nobel ya kemia mwaka 2007 kwa kuchambua yanayotokea kwenye nyuso za yabisi, na sehemu kubwa ya kazi ya aina ile hufanyika ndani ya chemba zilizonyonywa hewa karibu yote. Humo unaweza kurusha elektroni, zikagonga uso, zikarudi na habari. Jaza chemba hiyo maji uone. Elektroni hazisafiri zaidi ya nanometa chache kabla ya kupotea. Na vichocheo vingi tunavyovihitaji vinafanya kazi majini au kwenye mafuta: vya kusafisha maji taka, vya kupasua maji kupata haidrojeni, vya kugeuza mabaki ya mazao kuwa kemikali. Kuvikausha ili uvichunguze ni kuchunguza kitu kingine kabisa.

Hesabu yenyewe inatisha. Chukua uso wa sentimeta 1 kwa sentimeta 1, weka juu yake maji ya kina cha milimita 1. Kwenye uso huo zinaenea molekuli kama milioni bilioni 1, yaani 1 ikifuatwa na sufuri 15. Ndani ya yale maji ya juu yake zimo zaidi ya mara milioni 3 ya hizo. Unayemtafuta ni mmoja kati ya milioni 3, na hao wengine wote ni maji. Maji nayo hunywa kwa pupa mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho ambao tunautumia kuzitambua molekuli kwa mitetemo yao. Yana kilele kipana karibu na namba-wimbi (idadi ya mawimbi kwenye sentimeta 1) 1640 na kingine kikubwa zaidi karibu na 3400. Pitisha mwanga wa 1640 kwenye utando wa maji wa mikrometa 10 tu, ambao ni mwembamba kuliko unywele, na kitakachotokea upande wa pili hakifiki hata sehemu moja ya kumi ya ulichoingiza.

Njia ya kutoka kwenye mtego huo ilipatikana karibu na mwaka 1960, Harrick na Fahrenfort wakiifikia kila mmoja kwa upande wake. Badala ya kupitisha mwanga kwenye maji, unaupitisha ndani ya fuwele, kwa mfano almasi, zinki selenaidi, germaniamu au silikoni. Mwanga ukigonga ukuta wa fuwele kwa mshazari wa kutosha hautoki. Unarudi wote ndani. Lakini pale unaporudi, sehemu yake huchungulia nje kidogo kisha hufifia haraka. Kilichogusana na fuwele kinaweza kuudokoa mwanga huo unaochungulia, na upungufu wake ndio tunaosoma kwenye wigo, yaani mchoro wa mwanga ulionywewa kwa kila namba-wimbi. Kwa pembe ya digrii 45 na maji upande wa nje, germaniamu huuacha mwanga wa 1640 uchungulie karibu mikrometa 0.4. Kwenye almasi ni kama 0.9. Unaweka utando wa unga wa kichocheo juu ya fuwele, unapitisha kimiminika juu yake, na maji yaliyobaki huko juu hayakuhusu tena.

Ila mikrometa 0.4 bado ni kama matabaka 1,300 ya molekuli za maji. Tumepiga hatua kubwa na bado tuko mbali. Ndiyo maana nilifurahi sana niliposoma kwa mara ya kwanza kazi ya Hartstein na wenzake ya mwaka 1980, iliyoonyesha kwamba utando mwembamba wa metali yenye vipandepande kama visiwa huzidisha mara nyingi ishara ya molekuli zilizoukalia. Utando huo wa platinamu ukiwa ndio kichocheo chenyewe, molekuli iliyoushika inapaza sauti, iliyo mbali inabaki na sauti yake ya kawaida. Huko ndiko wanaochunguza asidi fomiki walikokimbilia.

Sasa hapa Dar.

Mashine nyingi za infraredi zina vioo vya potasiamu bromaidi ndani yake, na potasiamu bromaidi ni chumvi. Chumvi na jiji hili hawapatani. Wakati wa masika, ukitengeneza kidonge cha potasiamu bromaidi kwa njia ya zamani ya kusaga sampuli na kuigandamiza, kinakuwa na ukungu kabla hujakifikisha kwenye mashine, na kwenye wigo unaona maji ambayo hukuyaweka. Ndani ya mashine kuna vifuko vya silika ya kunyonya unyevu; ikiwa ya buluu uko salama, ikigeuka waridi uikaushe kwenye oveni. Fundi wetu wa maabara, mtu mzima aliyeanza kazi hii kabla sijajua kusoma, anazikagua kila asubuhi.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, mwalimu. Jana umeme ulikatika usiku, imelala baridi. Usiiguse mpaka saa nne.”

Namtii. Mashine ya infraredi hupenda kuachwa inawaka usiku na mchana, kwa sababu joto lake dogo hufukuza unyevu na huifanya itulie. Umeme ukikatika, asubuhi unaanza na mstari wa msingi unaopanda na kushuka bila sababu ya kikemia. Halafu kuna mvuke wa maji hewani, ambao hauchori kilele kimoja kipana kama maji yenyewe. Unachora miiba mingi myembamba kati ya 1300 na 2000, mahali palepale ambapo fomati (asidi fomiki iliyopoteza protoni 1), kaboneti na jamaa zao hujitokeza. Ulaya wanaipulizia mashine naitrojeni au hewa iliyokaushwa siku nzima. Sisi tunafanya hivyo mtungi ukiwepo. Usipokuwepo, tunafunga milango, tunaacha kiyoyozi kinaendelea, na tunapima kipimo cha msingi mara kwa mara ili miiba ikatane.

Natania kwamba Dar inatufundisha somo ambalo vitabu vya nchi baridi vinalichelewesha. Kwenye unyevu wa kawaida wa pwani yetu, uso wa oksaidi kama alumina au silika haukauki. Unabeba matabaka ya maji hata ukiwa mezani, hakuna aliyeumwagia kitu. Mwanafunzi wa hapa anayekuambia sampuli yake ni kavu unamuuliza: kavu kwa kipimo cha nani?

Na maji hayo hayakai tu. Kaboni monoksidi ikiwa gesi huru, mtetemo wake uko kwenye 2143. Ikishika atomi moja ya platinamu iliyo ndani ya maji, unaiona karibu na 2050, na ukilinganisha na platinamu ileile ikiwa kavu utaona maji yamekivuta kilele chini. Yabisi nayo haiachwi ilivyo. Alumina ya aina ya gama, ambayo hubeba vichocheo kwenye viwanda vingi vya mafuta, ukiiweka kwenye maji yenye joto la nyuzi 200 hugeuka pole pole kuwa madini mengine, bemaiti, na eneo la uso wake hupungua sana. Unaanza jaribio na kichocheo hiki, unamaliza na kile, na usipokuwa unaangalia wakati wa kazi hutajua umebadilishiwa lini.

Hapo ndipo mwanafunzi mmoja wa shahada ya pili aliniuliza swali lililonifanya niandike makala hii. Tulikuwa tumepata kilele kizuri cha fomati karibu na 1320, kimesimama, hakina ubishi. Akasema, “Samahani, Mwalimu. Tunajuaje kwamba huyu tunayemwona ndiye anayefanya kazi?”

Panda ghorofani Mwenge, piga picha ya kituo cha daladala kila baada ya saa moja, kisha hesabu sura zinazojirudia. Utawapata wapiga debe na wauza karanga. Abiria, ambao ndio sababu ya kituo kuwepo, wanapita kila mmoja kwa dakika chache, na pengine hakuna hata mmoja anayetokea kwenye picha mbili. Uso wa kichocheo uko hivyo. Idadi ya molekuli za aina fulani utakazozikuta usoni ni kasi ya kuingia kwao ikizidishwa na muda wanaokaa. Anayekaa sana huonekana sana. Ila anayefanya kazi kwa haraka, kwa tafsiri yake, ni yule asiyekaa.

Kwa hiyo spektroskopia ya kawaida, yaani kusoma molekuli kwa mwanga, ina upendeleo wa ndani kwa wavivu, na naona hili halisemwi kwa sauti ya kutosha. Nikisoma ripoti inayosema “kilele hiki kilionekana wakati wa mmenyuko, kwa hiyo hii ndiyo molekuli ya kati”, naweka kalamu chini. Kuonekana wakati wa mmenyuko si ushahidi wa kushiriki. Kunathibitisha kuwepo, basi.

Mgogoro wa asidi fomiki ulikuwa huo huo hasa. Kundi la Osawa, Chuo Kikuu cha Hokkaido, liliiona fomati imeshika platinamu kwa oksijeni zake zote mbili, likasema huyu ndiye mtu wa kati wa ile njia ya moja kwa moja. Mwaka 2006 kundi la Behm, Ulm, Ujerumani, likatumia seli yenye mtiririko, likapima mkondo wa umeme na kilele cha fomati kwa pamoja, likabadilisha asidi ya kawaida kwa yenye dyuteriamu (haidrojeni nzito), na hitimisho lake likawa kwamba fomati ni mtazamaji. Kilele kilekile, aina ileile ya kipimo, hukumu mbili zinazopingana. Mwaka 2011 Cuesta na wenzake, Osawa akiwemo, walirudi na hoja kwamba fomati iliyoshika platinamu ndiyo ufunguo wa mmenyuko. Nimezisoma pande zote na ninachokipenda ni kwamba hakuna aliyekosea kuona. Ubishi wote ni juu ya nani alikuwa kazini.

Kuna upofu mwingine, na huu unanihusu zaidi kwa sababu ya korosho. Juu ya uso wa metali, infraredi huona tu mitetemo inayosukuma chaji kwenda juu na chini kutoka usoni. Mtetemo unaokwenda sambamba na uso hufutwa na chaji za ndani ya metali zinazouigiza kinyume. Chukua sasa kadanoli, inayopatikana kwenye mafuta ya ganda la korosho baada ya kuyapasha moto ili asidi yake ya anakadi ipoteze kaboni dioksidi. Ni pete ya fenoli yenye mkia wa kaboni 15. Ikilala chali juu ya kichocheo cha paladiamu, pete yote imelingana na uso, mitetemo mingi ya pete hiyo inatoweka kwenye wigo. Ikisimama wima, inaonekana. Ukiona vilele vya pete vimepungua, unaweza kuandika kwamba molekuli zimeondoka, kumbe zimejilaza tu. Mtwara na Lindi kuna maganda ya kutosha kufanya swali hili kuwa la fedha, maana kadanoli ikiongezewa haidrojeni kwenye kichocheo hutoa malighafi ya sabuni, rangi na resini, na yote hayo hufanyika ndani ya kimiminika.

Mtu atasema: tumia Raman, mbinu ya kusoma mwanga wa leza unaotawanywa na molekuli. Kweli, maji ni hafifu kwenye Raman, jambo linaloifanya ivutie. Na kuna hadithi yake nzuri. Mwaka 1974 kule Southampton, Fleischmann, Hendra na McQuillan waliona piridini juu ya elektrodi ya fedha waliyokuwa wameikwaruza kwa umeme, ishara yake ikiwa na nguvu ya kushangaza. Wao walidhani ni kwa sababu uso umekuwa na eneo kubwa zaidi. Mwaka 1977 makundi mawili, la Jeanmaire na Van Duyne huko Marekani na la Albrecht na Creighton huko Uingereza, yalionyesha kwamba eneo pekee halitoshi: ishara ilikuwa imekuzwa mara 100,000 hadi milioni 1. Fleischmann huyo ndiye aliyetangaza mwaka 1989 muungano wa nyuklia kwenye joto la kawaida, dunia ikamcheka. Watu wanaokumbuka lile husahau hili. Tatizo la fedha na dhahabu ni kwamba ndizo zinazokuza, na wewe unataka kuona platinamu. Mwaka 2010 wachina wa Xiamen walikuja na chembe za dhahabu zilizovikwa koti jembamba la silika, unazinyunyiza juu ya uso wowote na zinaukuzia. Chembe za dhahabu zinapikwa kwa sitreti kwenye maji yanayochemka, hata kwetu zinapikika. Lakini vimiminika vya kahawia vya mimea, na mafuta ya korosho ni ya kahawia kupindukia, mara nyingi hung'aa vyenyewe chini ya leza na kufunika kila kitu.

Mbinu ya Shen wa Berkeley, ya leza mbili zinazojumlishwa, ambayo tangu 1987 imewapa watu njia ya kuona mpaka tu, yaani pale maji yanapogusana na uso, kwa sababu ndani ya maji yaliyotulia ishara hiyo hujifuta, naipenda kwa mbali. Leza zake si za kuwekwa kwenye jengo ambalo umeme wake unacheza. Na eksirei za sinkrotroni, mashine kubwa inayozungusha elektroni kwa kasi ili zitoe mwanga mkali, zinatutaka tusafiri: Afrika haina sinkrotroni hata moja, iliyo jirani ni SESAME ya Jordan iliyofunguliwa mwaka 2017. Watu wetu waombe muda huko, nawasihi. Lakini sikubali kauli niisikiayo kila mkutano, kwamba bila mashine hizo tukae pembeni.

Swali la mwanafunzi wangu halihitaji sinkrotroni. Linahitaji pampu, vali ya njia tatu na subira. Kundi la Baiker huko Zürich, akiwemo Bürgi na Urakawa, lilifanya kazi ndefu juu ya hili: badala ya kuuacha mfumo utulie, unautikisa kwa mdundo maalumu. Unaongeza asidi, unapunguza, unaongeza, huku unarekodi wigo mmoja baada ya mwingine. Kisha kompyuta inachuja na kubakiza tu kile kinachopanda na kushuka kwa mdundo uleule. Maji hayabadiliki, yanatoweka. Molekuli iliyokwama usoni tangu asubuhi inatoweka. Hata miiba ya mvuke wa Dar, kwa kuwa haijui mdundo wa pampu yangu, inapungua sana, na hiyo kwangu peke yake inatosha kuipenda mbinu. Vinavyobaki vina kuchelewa kwao: anayetangulia na anayefuata wanatengana.

Nilimwonya mwanafunzi asishangilie mapema. Mtazamaji naye anaweza kucheza ngoma. Asidi ikiongezeka, fomati isiyofanya kitu huongezeka pia. Mdundo unawaondoa waliolala tu. Ili kumkamata mfanyakazi, pima zao la mmenyuko kwa wakati huohuo na wigo, jambo ambalo wenzetu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanaliita operando, na ulinganishe kuchelewa.

Kwetu zao hilo ni kaboni dioksidi, na bahati nzuri fuwele hiyohiyo inaiona ikiwa imeyeyuka kwenye maji, kilele kimoja chembamba kwenye 2343. Ile ya hewani inachora vilele viwili kuzunguka 2349, kwa hiyo ukiwa makini unazitenganisha. Fomati ikibadilika baada ya kaboni dioksidi kuwa imekwishabadilika, haiwezi kuwa mzazi wake, na tutaifuta kwenye orodha ya washukiwa. Ikitangulia, hatutakuwa tumethibitisha kitu, kwa sababu kaboni dioksidi hujilimbikiza kwanza kwenye maji na hilo peke yake linaichelewesha. Itabidi tubadilishe kasi ya mtiririko na kurudia, kisha tuombe asidi yenye dyuteriamu, ambayo bei yake imenifanya niifunge kwenye kabati la peke yake hata kabla haijafika. Pampu imeshafungwa. Mwanafunzi amebandika karatasi mlangoni inayowataka watu wasisimame kupiga soga karibu na mashine, maana pumzi zao nazo zina kaboni dioksidi. Mzee wa maabara ameisoma, akavuta kiti chake hadi kwenye korido.